Udaktari wa Vitambaa

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye kiti chake katika chumba cha walimu, Eva Akonaay hufunua pembe ya kitambaa kilichotandikwa mgongoni mwa kiti hicho, huchungulia upande wa nyuma, kisha hukirudisha na kukinyoosha kwa kiganja. Kitambaa ni kilekile tangu wazazi walipowanunulia walimu viti, naye anakijua kuliko anavyoijua saini yake. Bado hukifunua. Hufanya hivyohivyo ofisi ya kata, na katika nyumba za watu anakokwenda kusalimia au kuhani msiba. Wageni huona haya kumuuliza. Wenzake waliacha kuona haya zamani.

"Mwalimu Akonaay," mkuu wa shule humwambia, "leo umempata?"

"Nani, madam?"

"Kunguni."

Chumba chote hucheka, na Eva hucheka nao kwa sauti ya chini, macho kwenye madaftari. Mkuu wa shule, Madam Kissa, ni mtu wa Tukuyu. Alihamishiwa hapa Mogitu akidhani baridi ameiacha kwao, na tangu hapo hajavua sweta. Ni mtu wa maneno mengi lakini hana roho mbaya. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame," huongeza akimimina chai, "ila wewe mwenzetu umezidi. Wewe hata kisichokuwa uvunguni unakiinamia."

Eva hajawahi kumjibu vizuri, kwa sababu jibu ni refu na yeye si mtu wa majibu marefu. Kwa mbele, kila kitambaa cha kufuma ni kizuri. Ua ni ua, nyota ni nyota. Nyuma ndiko mfumaji anakoficha mafundo yake, na ndiko anakounga uzi ulipomwishia. Eva akitazama nyuma anaweza kukuambia kama mwenye kazi alifundishwa na masista wa misheni au na jirani yake, kama alifuma kwa utulivu au huku anamwangalia mtoto mgonjwa, kama uzi ulinunuliwa siku moja au ulikusanywa kidogokidogo kwa miezi. Anayajua haya yote na hana wa kumwambia. Anafundisha Kiingereza na Historia. Sanaa, ambayo aliisomea mpaka shahada ya uzamili Dar es Salaam, haimo kwenye ratiba ya shule.

Ana umri wa miaka thelathini na tisa. Kwa miaka tisa sasa anataka kitu kimoja, naye anakitaka kimyakimya, kama mtu anavyotaka maji akiwa katikati ya ibada. Anataka kusoma shahada ya uzamivu katika sanaa na usanifu, kuhusu vitambaa hivi ambavyo kila mtu anavikalia na hakuna anayeviona. Mara ya kwanza alipoomba, chuo kimoja cha nje kilimjibu kwamba nafasi ipo, ufadhili haupo. Barua hiyo aliichapisha na kuiweka ndani ya kamusi, kwenye herufi N. Alijiambia N ni ya nafasi. Mpaka leo hajaiondoa.

Kuna jambo jingine ambalo hajamwambia mtu. Chuo anachokitamani huweka ratiba ya mihadhara yake mtandaoni, na Eva ameikariri. Kila Alhamisi saa kumi jioni, kwa saa za huku, wanafunzi wa uzamivu wa huko hukaa kwenye chumba chenye meza ndefu, mmoja wao akasoma kurasa chache alizoandika, na wengine wakamhoji. Saa kumi ya Alhamisi Eva huwa anasahihisha madaftari. Husahihisha, lakini mara kwa mara huinua kichwa na kutazama mashamba ya ngano nje ya dirisha, na midomo yake hucheza. Anajibu maswali. Hakuna aliyemuuliza, lakini anajibu, tena kwa ufasaha, jambo lisilomtokea akiwa mbele za watu.

Safari hii tangazo lilikuwa kama limeandikwa na mtu anayemjua. Masomo ya muda nusu, miaka sita, yenye ufadhili. Mwanafunzi anabaki kwao, anaendelea na kazi yake, na huenda chuoni mwezi mmoja tu kwa mwaka. Walitaka barua ya mwajiri kumruhusu siku mbili kwa wiki, barua za walimu wake wawili wa zamani, andiko la utafiti, na picha kumi na mbili za kazi atakazozitafiti.

Barua ya mwajiri alidhani ndiyo itakayomkwamisha. Aliipeleka kwa Madam Kissa akiwa ameikunja mara nne, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda zahanati. Madam Kissa aliisoma mara mbili.

"Vitambaa?" aliuliza. "Hivi vya makochi?"

"Ndiyo, madam."

"Na huko kuna watu wazima wenye akili zao watakaokupa udaktari kwa hivi?"

"Wakinikubali."

Madam Kissa alitazama kitambaa cha kiti chake mwenyewe. Kisha akavuta kalamu. "Mama yangu alifuma vya sebule nzima," alisema huku anaandika. "Alipokufa, wajomba waligombania ng'ombe, sisi wasichana tukagombania vitambaa. Mkurugenzi akisaini hii, vipindi vyako vya siku hizo mbili utanitafutia mtu wa kuvifundisha. Haya, toka kabla sijabadili mawazo."

Andiko lenyewe lilikuwa limekwisha kichwani tangu Desemba ile tope liliposhuka kutoka mlimani na kuifunika Katesh. Walimu walikwenda kusaidia, na Eva alimkuta mwanamke mmoja aitwaye Filomena amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasuuza kitambaa cha kochi. Nyumba ilikuwa imekwenda. Kochi lilikuwa limekwenda. Maji ya kusuuzia yalikuwa ya kugawiwa, na yule mwanamke alikuwa ameyamaliza yote kwenye kitambaa.

"Mama, utakitandika wapi?" Eva alimuuliza.

"Sijui," alisema Filomena. "Lakini nikikiacha na tope lake nitakuwa sina hata pa kuanzia."

Eva aliandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko, na kutoka hapo kalamu haikusimama. Aliandika kwamba zamani, mabibi wa Kiiraqw walishona shanga kwenye sketi za ngozi, kila mchoro na maana yake. Aliandika kwamba sketi zilipoachwa, michoro haikufa, ilihamia kwenye vitambaa vya sebuleni. Mama zetu waliifuma kwa uzi mweupe, wakiwaambia masista kwamba ni maua.

Mhadhiri mmoja wa huko alisoma rasimu na kumjibu kwa mistari miwili. Wazo lake lilimsisimua. Lakini ushahidi uko wapi?

Ushahidi ulikuwepo. Ulikuwa kwao Endagikot, ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha mama yake.

Upande ule wa Endagikot wanawake wana utaratibu wao. Binti akimaliza shule, mama yake huanza kumfumia vitambaa vya nyumba atakayokwenda: vya makochi, vya meza, cha redio, cha kabati. Hufungiwa sandukuni, na sanduku halifunguliwi mpaka siku ya sendofu, mbele ya wanawake wa jirani, binti anapoagwa kwenda kwa mumewe. Fransiska, mama yake Eva, alimfumia bintiye kwa miaka mitatu. Wakati huo sketi ya ngozi ya bibi mzaa bibi ilikuwa bado ipo, inaning'inia darini huku mchwa wameianza. Fransiska aliishusha, akaiweka mapajani, akanakili kila mchoro kwa kroshia kabla haijamalizika. Eva alimwona akifanya hivyo. Alikuwa na miaka ishirini, na alikuwa na haraka ya kurudi chuoni, hakuuliza kitu. Sketi ikaliwa na mchwa. Vitambaa vikafungiwa. Na mume hakuja. Aliwahi kuwepo mtu, afisa mifugo mmoja mpole aliyeitwa Xavery, akahamishiwa Tunduru. Barua zikapungua, kisha zikakoma.

Eva alipanda basi kwenda kwa mama yake wiki tatu kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Alimkuta anachambua maharage kwenye ungo, mikono ikitetemeka kama inavyotetemeka siku hizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Sijakonda. Mama, nina ombi."

"Ombi la mtu aliyekonda ni chakula. Kula kwanza."

Alikula. Kaka yake Tadei, anayeishi na familia yake ng'ambo ya boma la ng'ombe, alikuja kusalimia na kukaa juu ya kinu. Eva alieleza. Alieleza vibaya, kwa kuruka-ruka, kama anavyoeleza mambo anayoyataka sana.

"Kwa hiyo utakuwa daktari wa vitambaa," Tadei alisema. "Mimi nikiumwa kichwa, utanifunga kitambaa?"

"Nitakufunga mdomo."

"Mama, umemsikia daktari wako?"

Mama hakucheka. Aliendelea kuchambua. "Hicho chuo kinataka nini kwangu?" aliuliza.

"Picha tu. Nifungue sanduku, nipige picha, nivirudishe vilevile vilivyokunjwa. Hata vumbi halitaingia."

"Hapana."

"Mama, ni nusu saa."

"Sanduku si langu kulifungua, wala si lako. Lina siku yake. Kitambaa kikishatazamwa, kimeshatoka."

"Na siku yake ni ipi?" Eva aliuliza, na mara akatamani angeyameza maneno hayo. Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. Tadei alitazama ng'ombe wake. Eva aliona usoni mwa mama yake kitu ambacho mama huyo alikuwa amekificha kwa adabu miaka yote. Fransiska alikuwa bado anangoja. Kila alipofagia chini ya kitanda aliligusa sanduku kwa ufagio, akangoja tena. Kumwomba alifungue pasipo bwana harusi kulikuwa ni kumwambia aache.

Eva alirudi Mogitu bila picha.

Kazi nyingine alizipata. Aliwapiga picha Madam Kissa na kitambaa chake, mama muuza chai, na katekista mmoja wa Hirbadaw ambaye sebule yake ilikuwa na vitambaa ishirini na tatu na kiti kimoja. Filomena naye alimletea chake, kikiwa na alama ya tope isiyotoka. Zikafika picha kumi na moja. Zote zilikuwa na maua na nyota. Michoro ya shanga ilionekana hapa na pale, vipande-vipande, kama mtu anayekumbuka nusu ya methali. Nafasi ya kumi na mbili ilibaki tupu kwenye fomu. Eva aliandika pale: "Kazi hii ipo lakini haiwezi kuonyeshwa." Akasoma. Akafuta. Ni nani atakayempa mtu miaka sita kwa sentensi kama ile?

Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Alhamisi iliyotangulia, saa kumi jioni, Eva alisahihisha madaftari bila kuinua kichwa.

Simu iliita. Alikuwa Tadei.

"Mama anasema uje Jumamosi. Na uvae vizuri."

"Kuna nini? Anaumwa?"

"Anaumwa nini! Anatoa amri tu. Mimi nimeambiwa nichinje majogoo wawili na niazime mabenchi ya kanisani. Mengine muulize mwenyewe."

Alipofika Jumamosi, uani kulikuwa na wanawake kama kumi na tano wamevaa vitenge na mashuka yao ya baridi, na sufuria la chai ya maziwa lililotosha harusi. Eva aliganda mlangoni. Katikati ya wanawake alikaa Bibi Hilda, ambaye amefungua masanduku yote ya upande ule tangu Eva hajazaliwa, na ambaye neno lake katika mambo hayo halina rufaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sogea. Mama yako alikuja kwangu siku nne mfululizo. Siku ya kwanza alikuja kukushitaki. Ya pili alikuja kulia. Ya tatu akanyamaza tu, akanimalizia ugoro. Ya nne nikamuuliza: Fransiska, utaratibu unasemaje? Akasema, sanduku hufunguliwa binti anapotoka. Nikamwambia, ndivyo. Nani aliongeza kwamba lazima atoke na mwanamume?"

Wanawake walicheka, ila si wote. Mama Cyprian, jirani wa karibu kabisa, alikuwa amekuja na zawadi ya sufuria mbili zilizofungwa kwenye kanga, na sasa alikuwa amezikumbatia.

"Jamani, mimi sijaelewa," alisema. "Niliambiwa sanduku la Eva linafunguliwa, nikajua mambo yametimia. Bwana yuko wapi?"

"Hakuna bwana," alisema Fransiska.

"Hakuna? Sasa sufuria hizi ni za nani?"

"Mwacheni aseme mwenyewe," alisema Bibi Hilda. "Eva, simama. Sema unatoka kwenda wapi."

Eva alisimama. Hajawahi kusimama mbele ya wanawake wa kwao kwa ajili yake mwenyewe. Alipokuwa akiwasindikiza wasichana wenzake alibeba vikapu nyuma.  Alitazama chini, akaona viatu vyake vina udongo, akaanza kusema na viatu.

"Nimeomba kusoma. Si kuondoka kabisa. Nitakuwa nafundisha na nasoma. Ninataka kuandika kuhusu vitambaa vyenu. Namna mnavyovifuma, na mlikoitoa michoro."

"Vitambaa vyetu?" aliuliza mama mmoja. "Viandikiwe kitabu?"

"Ndiyo, mama. Kitabu chenye majina ya waliofuma."

 Wanawake walitazamana, na baadhi yao walitazama vidole vyao.

"Watakulipia?" aliuliza Mama Cyprian.

"Wakinikubali. Wanaoomba ni wengi, na wanaochukuliwa ni wawili."

"Na wakikukataa? Tutakuwa tumefungua sanduku bure!"

"Hata wachumba hukataa," alisema Bibi Hilda. "Cyprian wako amekataliwa mara ngapi? Na bado tunakula pilau kila anapokwenda kujaribu."

Safari hii walicheka wote, na Mama Cyprian alicheka mpaka sufuria zikagongana kwenye kanga. "Haya basi," alisema akiziweka chini. "Hata daktari anapika."

Tadei alilitoa sanduku na kuliweka juu ya benchi, kisha akafukuzwa. Bibi Hilda alivuta kifuniko. Harufu ya majani makavu ya tumbaku ilitoka, yale yaliyowekwa kuzuia wadudu. Wakavitoa kimoja kimoja na kuvitandika juu ya mabenchi, na Eva, aliyekuwa amevifikiria kwa miaka mingi, aliona kwamba hakuwa amefikiria vya kutosha. Pembetatu zilipandana juu ya pembetatu, duara ndogo zikazizunguka, na mistari ikakatika mahali ambapo shanga zilikuwa zimebadilika rangi. Mama yake hakuwa na rangi, alikuwa na uzi mweupe tu; penye shanga nyekundu alikaza mfumo, penye bluu akaulegeza. Kuna kimoja kilikuwa na mfuko mkubwa nyuma.

"Hiki cha nini?" aliuliza mama mmoja.

"Cha TV ya chogo," alisema Fransiska, akiona haya. "Siku zile nilijua akiolewa atakuwa na TV. Ningejua zitakuja kuwa bapa!"

Wakamcheka naye akajicheka. Bibi Hilda alipitisha kidole juu ya mchoro, polepole, akautaja kwa jina lake la Kiiraqw. Mama mwingine akabisha, akasema kwao uliitwa vingine. Wakaanza kubishana juu ya mchoro ambao hakuna aliyekuwa ameutaja kwa sauti kwa miaka, na Eva alipiga picha huku anaandika mgongoni mwa mkono wake, kwa kuwa daftari alikuwa amelisahau kwenye basi. Kumi na mbili zilitimia. Zikafika thelathini. Jua lilikuwa zuri, mawingu yalikuwa yamepanda juu ya miti, na kila uzi ulionekana.

Chai ilipokwisha, Bibi Hilda aligonga ardhi kwa fimbo yake. Wanawake walinyamaza, na hata aliyekuwa anaosha vikombe aliacha. Katika utaratibu wao kuna swali moja ambalo mama humuuliza binti kabla hajaagwa, mbele ya mashahidi, ili kesho asije mtu kusema alisukumwa. Haliulizwi mara mbili.

Fransiska alisimama mbele ya bintiye. Alikuwa amejifunika shuka jipya. Aliishikanisha mikono yake.

"Eva," alisema. "Hiki unachokiendea, umekichagua mwenyewe?"

Eva aliinua macho.

"Nimekichagua mwenyewe, mama. Nimekitaka muda mrefu."